Gustav Mahler: Mtu wa Opera Ambaye Hakuacha Opera

Jumapili ya tarehe 24 Februari 1901, mjini Vienna, Gustav Mahler alifanya kazi mbili ambazo kila moja peke yake ingetosha kumchosha mtu. Mchana aliongoza tamasha la okestra ya Philharmonic. Jioni aliingia kwenye jumba la Opera ya Kifalme akaongoza *Die Zauberflöte* ya Mozart mwanzo hadi mwisho. Usiku uleule alitokwa na damu nyingi kutoka kwenye utumbo, nusura afe. Alikuwa na miaka 40.

Alipopata nafuu aliacha kuongoza matamasha ya Philharmonic, opera akabaki nayo. Kiangazi cha mwaka huo, kwenye kibanda kilichofichwa msituni juu ya ziwa Wörthersee kusini mwa Austria, muziki ulimtoka kama maji yaliyovunja kingo: nyimbo kadhaa juu ya mashairi ya Friedrich Rückert, na mwanzo wa Simfoni ya Tano. Kazi za kiangazi kile zinapigwa mpaka leo kila pembe ya dunia yenye okestra.

Hapo ndipo fundo lenyewe lilipo. Mahler aliajiriwa na majumba ya opera tangu akiwa kijana wa miaka 20. Aliishi humo, aligombana humo, alimaliza ujana wake humo. Watu wa enzi yake walimjua kwanza kama mwongozaji wa opera, na wengi waliona utunzi wake kama jambo la pembeni. Lakini ukitafuta leo opera iliyotungwa na Mahler ili uisikilize, huipati. Aliacha simfoni tisa zilizokamilika, ya kumi ikiwa nusu, na nyimbo. Kwa nini mtu aliyeijua opera kwa undani namna hiyo hakutuachia hata moja? Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, na naamini jibu lake ndilo ufunguo wa muziki wake wote.

Tuweke maneno sawa kwanza. Opera ni tamthilia inayoimbwa, yenye mavazi, mandhari ya jukwaani na okestra nzima. Simfoni ni tungo ndefu ya okestra, kwa kawaida yenye sehemu nne au zaidi, isiyo na wahusika wala jukwaa. Anayesimama mbele na kijiti mkononi lugha nyingi humwita kondakta, lakini kwa kuwa neno hilo kwetu limeshachukuliwa na mkusanya nauli wa daladala na matatu, hapa nitamwita mwongozaji.

Anayejua kazi ya mwalimu wa kwaya ana pa kuanzia. Mwalimu wa kwaya mara nyingi hutunga mwenyewe, hufundisha sauti zote nne, kisha siku ya ibada husimama mbele na kuongoza. Sasa mwongezee okestra ya watu themanini iliyokaa shimoni chini ya jukwaa. Mwongezee waimbaji walio juu, mbali naye, wanaotembea, wanaopigana kwa mapanga, wanaokufa huku wakiimba, na wanaosikia ala kwa kuchelewa. Mwongezee kwaya iliyojificha nyuma ya pazia isiyomwona kabisa. Na katika majumba ya Ulaya ya Kati ya wakati ule kila usiku kulikuwa na opera tofauti: leo Mozart, kesho Wagner, keshokutwa Bizet. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Mahler karibu maisha yake yote ya utu uzima. Na huyo ni mwongozaji tu. Mkurugenzi wa jumba, cheo alichokishika baadaye, ndiye anayeajiri waimbaji, anayepanga nani aimbe nini, anayejibu kuhusu hesabu za fedha, na anayelaumiwa tenori akiugua koo saa kumi alasiri.

Alizaliwa tarehe 7 Julai 1860 katika kijiji cha Kaliště, Bohemia, wakati ule ikiwa sehemu ya milki ya Austria na leo ni Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wanaozungumza Kijerumani. Muda mfupi baadaye familia ilihamia mji wa Iglau, sasa Jihlava, ambako baba yake Bernhard alitengeneza pombe kali na kuendesha kilabu. Iglau ulikuwa mji wa kambi ya jeshi. Mtoto aliamka na baragumu la askari, akashinda na bendi zinazopita barabarani, akalala huku walevi wakiimba chini ya sakafu. Na misiba haikukauka nyumbani: wazazi walizaa watoto 14, wengi wakafa wadogo. Ernst, mdogo wake aliyempenda kuliko wote, alifariki mwaka 1875, Gustav akiwa na miaka 14.

Mahler alipomwendea Sigmund Freud, tabibu wa akili, mwaka 1910, alimsimulia jambo moja la utotoni. Wazazi wake waligombana vibaya, naye akakimbilia nje asisikie. Barabarani akakutana na kinanda cha kuzungusha kwa mkono kikipiga wimbo wa mtaani wa kuchekesha. Toka siku ile, alisema, huzuni kuu na wimbo wa ovyo vilishikamana akilini mwake. Ukisikiliza Simfoni ya Kwanza utaliona hilo bila kuambiwa na mtu. Sehemu ya tatu ni maandamano ya mazishi yaliyojengwa juu ya wimbo wa watoto, na katikati yake inakatiza bendi ya kijijini kana kwamba jirani ana harusi siku ya msiba.

Alisoma kwenye Konservatori ya Vienna kuanzia 1875 hadi 1878. Kazi yake kubwa ya kwanza, *Das klagende Lied*, aliimaliza mwaka 1880 na kuipeleka kwenye shindano la Tuzo ya Beethoven. Haikushinda. Maishani mwake mwote aliamini kwamba kama angepata tuzo ile asingelazimika kuingia kwenye kazi ya majumba ya opera. Mimi sikubaliani naye moja kwa moja. Fedha za tuzo zingekwisha, naye bado angehitaji kula. Lakini maneno yake yanaonyesha jambo muhimu: opera ilikuwa mshahara kabla haijawa kitu kingine chochote.

Ngazi aliyopanda ilianzia chini kabisa. Mwaka 1880 aliongoza vichekesho vya kuimbwa kwenye kajumba kadogo ka mbao katika mji wa Bad Hall, ambako watu walikwenda kuoga maji ya tiba. Mwaka 1881 alikuwa Laibach, ambao ndio Ljubljana ya leo nchini Slovenia. Mwaka 1883 Olmütz, kisha Kassel. Mwaka 1885 Prague. Mwaka 1886 Leipzig, akiwa chini ya Arthur Nikisch aliyekuwa nyota ya mji. Karibu kila alikofika aligombana na wakubwa, na karibu kila alikoondoka alikwenda pakubwa zaidi.

Leipzig panahitaji kituo kirefu kidogo, kwa sababu huko ndiko alikokaribia kabisa kuwa mtunzi wa opera. Carl Maria von Weber alifariki mwaka 1826 akiacha michoro ya opera ya vichekesho iitwayo *Die drei Pintos*. Mjukuu wake alimkabidhi Mahler karatasi hizo. Mahler alizifumbua, akajaza mapengo kwa vipande vingine vya Weber na kwa muziki wake mwenyewe, na tarehe 20 Januari 1888 opera ikaonyeshwa Leipzig kwa shangwe. Majumba mengine yakaitaka. Ghafla kijana wa miaka 27 alikuwa na jina na fedha. Kabla ya hapo, ujanani, alikuwa amejaribu opera zake mwenyewe, *Herzog Ernst von Schwaben*, *Die Argonauten* na *Rübezahl*, lakini hakuna hata moja iliyofika jukwaani na muziki wake haupo tena. Kwa hiyo si kwamba hakutaka kamwe, wala si kwamba hakuweza. Baada ya mafanikio ya *Pintos* mlango ulikuwa wazi. Alichofanya mwaka uleule wa 1888 ni kumaliza Simfoni ya Kwanza.

Kutoka Leipzig alikwenda Budapest, mkurugenzi wa Opera ya Kifalme ya Hungaria akiwa na miaka 28. Huko mtunzi Brahms alisikia *Don Giovanni* yake na kuisifu sana. Huko pia, tarehe 20 Novemba 1889, aliongoza Simfoni ya Kwanza mbele ya watu kwa mara ya kwanza, na wengi walitoka wamechanganyikiwa. Mtu mmoja, mji mmoja: kama mwongozaji anapigiwa makofi, kama mtunzi anatazamwa kwa mashaka. Hali hiyo ilimfuata hadi karibu na kifo chake.

Hamburg, kuanzia 1891, ilimpa kazi nyingi kupita kiasi chini ya mkurugenzi Bernhard Pollini. Januari 1892 mtunzi Mrusi Tchaikovsky alifika kuongoza opera yake *Eugene Onegin*, akaona mazoezi hayatoshi, akamwachia kijiti Mahler, na kuandika nyumbani kwamba mwongozaji huyu si mtu wa kawaida. Lakini Hamburg ndiko Mahler alikovumbua ratiba iliyomwezesha kuishi. Majumba ya opera yalifungwa kiangazi. Basi, miezi ile michache ikawa yake. Huko Steinbach kando ya ziwa Attersee alijengewa kibanda cha chumba kimoja karibu na maji, chenye piano na meza. Asubuhi na mapema alijifungia humo hadi mchana, na watu wa nyumba walikuwa na kazi ya kufukuza kelele. Kiangazi aliandika rasimu. Msimu ukianza, aliiba saa za asubuhi kabla ya mazoezi kupanga ala na kunakili safi. Mwenyewe alijiita mtunzi wa kiangazi. Baadaye alikuwa na kibanda kingine Maiernigg juu ya Wörthersee, na cha tatu karibu na Toblach, leo upande wa Italia. Vyote vitatu vipo hadi sasa, na ukubwa wake ni kama wa stoo ya jikoni. Simfoni ya Tatu, inayochukua zaidi ya saa moja na nusu, ilitoka kwenye kibanda cha Steinbach.

Simfoni ya Pili ilikwama kwa miaka. Sehemu ya kwanza ilikuwa tayari tangu 1888, lakini hakujua aifikishe wapi. Hans von Bülow, mwongozaji mkubwa wa Hamburg, alikwenda Kairo kutafuta afya na akafia huko Februari 1894. Mwili ulirudishwa, na kwenye ibada ya mazishi mjini Hamburg kwaya iliimba utenzi wa Klopstock juu ya ufufuo. Mahler alikuwa ameketi kanisani. Akatoka akijua mwisho wa simfoni yake ni upi: kwaya.

Mwaka 1897 akafikia kilele cha ngazi, Opera ya Kifalme ya Vienna. Gharama yake haikuwa ya muziki. Cheo cha namna ile hakikupewa Myahudi, na tarehe 23 Februari 1897, mjini Hamburg, alibatizwa kuwa Mkatoliki. Mwezi wa Aprili mkataba ulipatikana. Mwezi huohuo wa Aprili, Karl Lueger, mwanasiasa aliyejijengea jina kwa kuwachukia Wayahudi, alithibitishwa kuwa meya wa Vienna. Ubatizo haukuwazuia waandishi wa magazeti ya upande huo kumwandama kwa miaka kumi kamili. Alma, mkewe wa baadaye, anasimulia kwamba Mahler alikuwa akijiita mtu asiye na kwao mara tatu: Mbohemia kati ya Waaustria, Mwaustria kati ya Wajerumani, na Myahudi duniani kote. Siwezi kumhukumu kwa ubatizo ule. Mlango wenye kufuli namna hiyo uliwekwa na wengine.

Tarehe 11 Mei 1897 aliongoza *Lohengrin* ya Wagner, na mji ukaamka. Oktoba akawa mkurugenzi. Mambo aliyoyabadilisha leo yanaonekana ya kawaida, na hiyo ndiyo dalili kwamba alishinda. Wachelewaji hawakuruhusiwa kuingia muziki ukishaanza. Wenye nafasi zao, waliozoea kuingia na magauni yao katikati ya onyesho, waliudhika. Wapambe, yaani watu waliolipwa na waimbaji ili wapige makofi na kelele za sifa, walipigwa marufuku. Opera za Wagner zilizokuwa zikikatwakatwa ili watu wawahi chakula cha usiku zilirudishwa nzima. Kuna kauli inayonasibishwa naye kwamba kile watu wa jukwaani wanachokiita mila ni uvivu wao tu. Aliongoza humo zaidi ya mara 600 katika miaka kumi.

Kisha mwaka 1903 alishirikiana na mchoraji Alfred Roller katika *Tristan und Isolde*. Badala ya vitambaa vilivyochorwa majani na ngome kwa usahihi wa kuchosha, Roller alileta rangi na mwanga uliobadilika pamoja na muziki. Mwaka 1904 wakafanya *Fidelio* ya Beethoven, na hapa nataka tukae.

*Fidelio* ni hadithi ya mke anayejivika nguo za kiume na kuingia gerezani kumwokoa mumewe. Pale shimoni, gavana anapoinua kisu amuue mfungwa, inasikika tarumbeta kutoka mbali, nje ya jukwaa: waziri amefika, haki imefika. Sauti moja ya mbali inageuza kila kitu. Mahler aliweka mara baada ya tukio hilo utangulizi wa okestra ambao Beethoven aliuandika kwa toleo la awali la opera, *Leonore* namba 3. Mandhari ilipaswa kubadilishwa kutoka shimo la giza kwenda uwanja wenye jua, na wakati mafundi wakihamisha jukwaa nyuma ya pazia, okestra peke yake ilisimulia upya yote yaliyotokea, tarumbeta ya mbali ikiwemo. Majumba mengi yaliiga mpango huo kwa miongo.

Sasa fungua Simfoni ya Pili, sehemu ya mwisho. Katikati ya kishindo cha okestra kila kitu kinanyamaza. Kutoka nje ya ukumbi, mbali, zinasikika tarumbeta na mabaragumu zikiitana. Ukumbini filimbi inajibu kama ndege wa mwisho aliyebaki duniani. Halafu kwaya inaingia, kwa sauti ya chini mno hata hujui ilianza lini. Hakuna jukwaa wala mavazi, lakini kilichotokea ni onyesho la opera. Mtu aliyeandika ukurasa ule alikuwa amesimama shimoni usiku mwingi akijua hasa mlango wa nyuma ukifunguliwa kiasi gani sauti itafikaje kwa aliyekaa juu kabisa.

Hiki ndicho ninachokusudia kusema. Mahler hakuiacha opera alipotunga. Aliihamishia ndani ya okestra. Ala zake ni wahusika, wanaingia, wanakatizana, wanadhihakiana, wanaondoka. Ana bendi ya askari inayokuja kutoka mbali na kupita, ana baragumu la posta linalosikika kama kutoka ng'ambo ya bonde katika Simfoni ya Tatu, ana kengele za ng'ombe na nyundo katika Simfoni ya Sita. Ile nyundo iliandikwa ipige mara tatu. Baadaye akaifuta pigo la tatu. Na pale maneno yanapohitajika, mwimbaji anasimama katikati ya okestra: katika simfoni ya pili, ya tatu, ya nne na ya nane.

Kuna mafunzo mengine ya opera yasiyoonekana haraka. Mwongozaji wa opera anajifunza kila siku jambo moja gumu: okestra ya watu themanini isimfunike mwanamke mmoja anayeimba. Ndiyo maana okestra za Mahler ni kubwa mno kwa idadi lakini kwa kurasa nyingi wanapiga watu watano, sita, kila mmoja akisikika peke yake. Wenye kumsikia kama mtunzi wa kelele hawajamsikiliza vya kutosha. Halafu tazama nota zake: zimejaa maagizo kwa Kijerumani, usikimbize, usiburuze, hapa pole, hapa kengele ziwe mbali. Ni mwongozaji anayewaandikia waongozaji wengine, kwa sababu ameona kwa macho yake wanavyoharibu. Naye hakujiona amekwisha kujifunza. Simfoni ya Tano, iliyopigwa kwanza Cologne mwaka 1904, aliendelea kuirekebisha hadi mwaka wake wa mwisho.

Basi kwa nini asiandike opera yenyewe? Sababu ya kwanza ni kalenda. Opera inataka maneno, mashauriano na mwandishi, waimbaji maalumu, jumba lililo tayari. Haiingii kwenye wiki chache za kiangazi. Richard Strauss, rafiki na mshindani wake, naye aliongoza na kutunga, na alitunga opera nyingi, lakini hakuibeba nyumba kama Vienna mabegani kwa namna ile katika miaka ileile. Mahler alitaka kumwonyeshea opera yake *Salome* mjini Vienna, na wakaguzi wa serikali wakakataa. Kazi ikaonyeshwa Dresden Desemba 1905. Aliona kwa karibu kwamba opera inapita mikono mingi kabla ya kufika kwa msikilizaji, na mkono wowote kati ya hiyo unaweza kuizima.

Sababu ya pili, na hii ni hukumu yangu, ni kwamba aliijua opera mno. Kila usiku aliona tenori mnene akiwa kijana shujaa, mandhari ikikwama, ndoto ya mtunzi ikitegemea gurudumu lenye kutu. Simfoni ilimpa jukwaa ambalo halina gurudumu. Na kulikuwa na jambo la heshima ya kazi: mkurugenzi anayeonyesha opera yake mwenyewe kwa fedha za Kaizari angewapa maadui wake silaha waliyoisubiri. Angalia hata simfoni zake zilisikika wapi kwa mara ya kwanza: Budapest, Berlin, Krefeld, Munich, Cologne, Essen, Prague, Munich tena. Alipokuwa hai, hakuna hata simfoni moja iliyozinduliwa Vienna, mji alioufanyia kazi kuliko yote.

Jambo moja halipaswi kupitwa kimya. Alma Schindler, aliyemwoa Machi 1902, alikuwa mtunzi mwenyewe. Desemba 1901 Mahler alimwandikia barua ndefu akimtaka aache kutunga. Nyumba, alisema, ina nafasi ya mtunzi mmoja. Akaacha. Mwaka 1910, ndoa ikiwa imepasuka, Mahler alizifungua nyimbo za Alma, akaona thamani yake, na kusaidia tano zichapishwe. Alikuwa amechelewa miaka tisa. Mtu aliyeteswa na kukosa saa za kutunga alimnyang'anya mwenzake saa zote, na wanaompenda Mahler, nami nikiwemo, lazima tulibebe hilo pamoja na simfoni.

Mwaka 1907 mambo yalimwangukia kwa pamoja. Alichoshwa na vita vya jumbani, na akajiuzulu. Julai, binti yake mkubwa Maria, wa miaka minne, alifariki kwa homa nyekundu na dondakoo. Siku chache baadaye daktari alimkuta na kasoro ya moyo. Tarehe 15 Oktoba aliongoza kwa mara ya mwisho kwenye Opera ya Kifalme, ilikuwa *Fidelio*. Barua yake ya kuwaaga wafanyakazi ilibandikwa ukutani, na mtu akaichana. Asubuhi ya tarehe 9 Desemba, kama watu 200 walikuja stesheni kumuaga.

Tarehe 1 Januari 1908 alikuwa New York akiongoza *Tristan* kwenye Metropolitan Opera. Msimu uliofuata Toscanini, mwongozaji Mwitaliano, alifika, na haikuchukua muda Mahler akahamia okestra ya New York Philharmonic. Kiangazi alirudi Toblach, akatunga *Das Lied von der Erde*, mfululizo wa nyimbo kwa waimbaji na okestra, na Simfoni ya Tisa. Hakuzisikia zikipigwa.

Alichokisikia ni Simfoni ya Nane. Aliitunga kwa wiki nane hivi mwaka 1906, na tarehe 12 Septemba 1910 aliizindua Munich mwenyewe, kwa kwaya za watu kama 850 na wapigaji 171. Sehemu yake ya pili ni tukio la mwisho la tamthilia ya *Faust* ya Goethe: watawa milimani, malaika, roho zinazopaa, kila moja na mwimbaji wake. Hapa hakuna haja ya kutafuta opera iliyofichwa. Imejitokeza wazi, ikakataa tu mavazi. Kwa mara ya kwanza watu walimshangilia mtunzi kama walivyozoea kumshangilia mwongozaji.

Februari 1911 homa ilimshika New York. Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye moyo wenye kasoro, na hapakuwa na dawa ya kuviua enzi hizo. Alirejeshwa Vienna akiwa mgonjwa, akafariki tarehe 18 Mei, akiwa na miaka 50. Alizikwa Grinzing kwenye kaburi la binti yake. Jiwe lake limeandikwa jina lake tu.

*Das Lied von der Erde* na Simfoni ya Tisa zilizinduliwa na Bruno Walter, kijana aliyekuwa msaidizi wake Hamburg na baadaye mwongozaji chini yake Vienna. Tarehe 16 Januari 1938 Walter aliirudia Simfoni ya Tisa mjini Vienna na Philharmonic, na safari hii mashine za kunasa sauti zilikuwepo. Philharmonic ni wapigaji walewale wa shimo la opera. Ndivyo ilivyo hadi leo. Kiti cha kwanza cha vayolini alikaa Arnold Rosé, aliyekuwa kiongozi wa vayolini za Opera tangu 1881, shemeji yake Mahler kwa kumwoa dada yake Justine. Alikuwa akikaribia miaka 75. Miezi miwili baadaye jeshi la Ujerumani liliingia Austria. Muziki wa Mahler ukapigwa marufuku, Rosé akafukuzwa na kukimbilia London, Walter naye hakurudi Vienna hadi baada ya vita. Binti yake Rosé, Alma, mpiga vayolini aliyepewa jina la mke wa Mahler, alipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, akalazimishwa kuongoza okestra ya wafungwa wanawake, na akafia huko Aprili 1944.

Rekodi ile ipo. Watu wanasikika wakikohoa ukumbini. Kwenye ukurasa wa mwisho ala za nyuzi zinafifia kidogo kidogo, na Mahler ameandika juu ya nota neno moja la Kijerumani lenye maana ya kufifia hadi kufa. Rosé na wenzake wanalifuata kama walivyofundishwa na mwenyewe, shimoni, miaka arobaini kabla.